Joho Halina Ukoo

Mtaani kwetu Mkunazini hakuna anayemwita kwa jina. Jina analo, liko kwenye kitambulisho chake kama la kila mtu, lakini ukienda kuliulizia utapelekwa kwa mtu mwengine. Muulizie Mvishaji. Mpaka juzijuzi ungeonyeshwa nyumba ya ghorofa mbili iliyoinamia uchochoro, kama mtu anayesikiliza maneno yasiyomhusu, na ungeambiwa, "Panda, lakini taratibu."

Zamani walikuwa wakisema "panda" tu. Hilo la taratibu liliongezwa baadaye.

Kazi yake ilikuwa kuwavisha mabwana harusi. Siku ya ndoa kijana hupelekwa kwake na ndugu na marafiki, anapanda na suruali yake ya jinzi na wasiwasi wake, anashuka amevaa kanzu ya darizi, joho jeusi la zari, kilemba, na kiunoni jambia ambalo halikati hata ndimu. Nimelijaribu. Nguo zote ni za Mvishaji, anazikodisha na siku ya pili zinarudi. Wapo wengine mjini wanaokodisha, bei zao nafuu, na vilemba vyao vimeshonwa tayari, unavitia kichwani kama sufuria. Kwake yeye unasimama katikati ya chumba juu ya kijamvi, mikono umeitanua, naye anakuzunguka kimya kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua, na husemi neno mpaka amalize.

Mimi, ambaye mtaa huniita Dalali, nna duka la vitu vya kale karibu na mlango wake. Nauza taa, makasha, birika za shaba na saa za ukutani zisizokwenda. Kila kitu nakihesabu mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya mwenye mali, ya pili kwa ajili ya mwizi. Kwa hivyo nikisema nimemjua mtu huyu kwa miaka mingi, miaka hiyo nimeihesabu, na hesabu ya pili ilitoka kubwa kuliko ya kwanza.

Alikuwa akishuka kila alasiri, watu wakishatoka kusali. Harufu ya udi ilitangulia, ikafuata bakora yenye kichwa cha fedha, halafu ndiyo yeye. Leo kanzu ya rangi ya chai ya maziwa na kizibao cha kijani, kesho koti la kitani na leso ya manjano mfukoni, Ijumaa tarbushi nyekundu ambayo kwa mji huu wa sasa ni sawa na kutoka na taji. Makubadhi yake hayakulia wala kuburuza. Alitembea kama mtu aliyebeba trei ya glasi. Pale kwenye kona alisimama kidogo, akisingizia kuvuta pumzi, mpaka ahakikishe waliopo wameona. Kwa kila shughuli alichelewa, na ukimlaumu alikujibu, "Aliyevaa hakimbii."

Asili yake hatuijui. Hilo si jambo dogo kwa watu wa Unguja. Sisi mtu akipiga chafya tunataka kujua chafya hiyo katoka nayo kwa babake au kwa wajomba. Wengine walisema babu yake alikuwa mtu wa kuvaa majoho, wengine wakasema alikuwa mtu wa kuyashika pindo yasiguse vumbi. Siku moja barazani muuza kahawa alimuuliza uso kwa uso.

"Mzee, hebu tuambie. Babu yako alivaa au alishika?"

Mvishaji akanywa kahawa yake mpaka kwenye machicha. "Joho halina ukoo," akasema. "Lina mabega. Ukiwa nayo linakukaa, huna linaanguka."

Muuza kahawa akacheka, lakini kikombe cha pili hakumtoza.

Ni yeye aliyetufundisha kutazama nguo kama watu wengine wanavyosoma gazeti. Alitwambia kwamba ulikuwapo wakati katika mji huu ambapo mtumwa hakuwa na ruhusa ya kofia, wala viatu mbele ya bwana wake, na kwamba siku walipopata uhuru wengi wao hawakukimbilia mbuzi wala kiwanja. Walikimbilia kofia. Halafu kanzu, na bakora, na mwenye kujiweza zaidi mwavuli, jua liwepo lisiwepo. Mabwana wa zamani wakawa wanacheka: tazama, jana alikuwa akichuma karafuu, leo anatembea kama kadhi. "Walicheka kwa sababu waliogopa," alisema Mvishaji. "Ukimpa kofia mtu aliyekatazwa kofia, umempa kichwa." Ndiyo maana hakuwacheka vijana. Alipita mmoja siku hiyo, nywele kazitia dhahabu, suruali imebana hata unajiuliza kaivaa au kachorwa nayo, na baraza nzima ikaguna. Mvishaji akainuka, akampa mkono, akamuuliza viatu kavinunua wapi. Aliporudi kukaa akatutazama mmoja mmoja. "Yule anasema kitu," akatwambia. "Nyinyi mmevaa kama watu waliotolewa kwenye moto."

Mwenyewe ujana wake ulikuwa wa bugaluu. Hadithi yake nimeisikia kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ya barazani. Ulikuwa ule wakati suruali pana zimepigwa marufuku na vijana wa chama wanasimama pembeni na mikasi. Wakamkamata karibu na Darajani, suruali rangi ya damu ya mzee, chini pana kama mgomba, viatu vya raizoni virefu hata anasalimiana na watu wa ghorofani. Wakaikata suruali magotini, mguu mmoja juu kuliko wa pili. Watu wanacheka. Yeye akawashukuru, akamwambia mwenye mkasi, "Mkono wako unatetemeka, bwana. Hebu sawazisha huku." Kisha akarudi kwao kwa njia kubwa, taratibu.

Namna ya pili alinihadithia mimi peke yangu, siku ya mvua, wateja hakuna. Katika hiyo walimnyoa na nywele, naye alilia. Alikimbia, kiatu kimoja kikamtoka, akapita vichochoroni mguu mmoja juu mmoja chini kama bata aliyevunjika, akajifungia ndani mpaka nywele walizomnyoa zilipoota.

"Sasa ipi ya kweli?" nikamuuliza.

"Ya pili ndiyo iliyotokea," akasema. "Ya kwanza ndiyo ninayoivaa."

Nilicheka siku hiyo. Nilipokuja kuyakumbuka maneno hayo sikucheka.

Mtu mwenye kupenda nguo hivyo ungemdhania anapenda kioo. Hapana. Chumbani mwake kilikuwamo kioo kirefu chenye fremu ya msaji, kimeelekezwa kwa bwana harusi, na yeye daima akisimama nyuma ya kioo. Wala joho hakulivaa hata siku moja. Kila kitu alikivaa, joho hapana. Kuoa hakuoa. "Mimi ni msumari wa joho," alikuwa akisema. "Msumari huvaa?" Akila mkate mkavu kwa chai ya rangi ili udi usikose. Mwenye nacho alimtoza mara mbili, asiye nacho alimvisha bure, lakini kwanza alimtaka abishane naye bei kidogo, asijione kapewa sadaka.

Nami nilibishana naye sana, kwa sababu nililitaka joho moja. Lile jeusi la zamani, zari ya shingoni pana kama kiganja, kazi ambayo mikono ya kuifanya imeshakufa. Nnaye mteja mwenye hoteli ambaye angelitundika ukumbini na kunipa bei yoyote nitakayoitamka. Kila mwaka nilipanda. Akinipikia kahawa, nikitaja bei, akishika moyo kama mtu aliyepigwa, akitaja yake, nikisimama kuondoka, akinirudisha mlangoni. Tulikwenda hivyo mpaka jua linageuka. Tulipofika mahali ambapo mkono wangu unatoka kushikana na wake, akisema, "Haya, leo tumeijua thamani yake. Njoo mwakani." Sijapata kuibiwa alasiri nyingi namna ile na nikarudi kwa hiari yangu.

Kitu kimoja katika kazi yake sikukipenda. Kitambaa cha kilemba alikipima kwa mwili mzima wa bwana harusi, kutoka utosini mpaka kisiginoni, na zaidi kidogo. Nilidhani ni mbwembwe, kilemba kirefu kinajaza kichwa. Nikamwambia anapoteza kitambaa.

"Kilemba cha kweli," akasema, "ni kile kinachotosha kumfunika aliyekifunga. Watu wa kale walisafiri nacho kichwani. Mtu akifia njiani, wenzake hawahangaiki kutafuta sanda."

"Na hao vijana unawaambia?"

"Siku ya harusi? Nna wazimu?"

Basi wote waliopita mikononi mwake, na mtaani kwetu ni karibu kila mwenye mke, walishuka ngazi zile wanapigiwa vigelegele na sanda zao kichwani. Tangu nijue, harusi zikipita nahesabu mizunguko.

Nyumba haikuwa yake. Ni ya warithi walio mbali, kila mmoja anamngoja mwenzake atoe pesa za matengenezo, na wamengojeana vizuri sana. Ni mawe na chokaa, dari za boriti, bati lililotoboka. Mvua za masika ziliingia juu zikashuka ndani ya ukuta wa uchochoroni bila kubisha hodi.

Kwanza aliitundika kanzu kwenye ukuta ule. Kanzu moja ya darizi, katika msumari, kama pambo. Mwaka uliofuata akaongeza kizibao na joho la kahawia. Baadaye likaja lile jeusi ninalolitaka, limetandazwa mikono miwili kama ndege. Nikamtania kwamba anafungua duka la kushindana na langu. Mabwana harusi walipenda, wakipiga picha mbele ya ukuta ule na kuzirusha kwenye simu. Nguo zikazidi, zikapandana, mpaka ukuta wote ukawa umevaa kuanzia darini hadi sakafuni.

Kisha nikaona bega lake. Tulikuwa barazani, yeye na koti la buluu iliyoiva, na juu ya bega la kushoto pana unga mweupe. Mtu huyu sijapata kumwona na hata unywele begani. Nikanyoosha mkono nikampangusa. Chokaa. Akautazama mkono wangu kama kwamba nimemvua nguo hadharani, akashika bakora yake, akaondoka bila kumaliza kahawa.

Tangu siku hiyo nikawa namtazama mabega kwanza, uso baadaye. Siku za jua, safi. Siku za mvua, unga. Baada ya mvua kubwa, vipande. Na nilipopanda kwake kubishana, kukipita kimya katikati ya bei yangu na bei yake, nikawa nasikia kitu ndani ya ukuta nyuma ya majoho: mchanga unashuka, kidogo kidogo, kama mtu anachambua mchele chumba cha pili. Yeye naye alisikia. Kila ulipoanza alipandisha sauti.

Mambo yangeendelea hivyo kama mpwa wangu asingetaka kuoa. Nassir, mtoto wa dada yangu Bi Rukia, anafanya kazi shamba la karafuu la Kizimbani, kijana mpole mwenye miguu mikubwa. Dada hakutaka kusikia mvishaji mwengine. Mzee ndiye aliyemvisha marehemu mumewe, basi ndiye atakayemvisha mwanawe. Nikatumwa kupanga siku.

Nilipanda. Tukakubaliana siku bila taabu, na Mvishaji akaenda chumba cha nyuma kuchemsha kahawa. Nikabaki mimi na joho langu. Kazi ya zari mtu wa biashara haitazami usoni, huitazama kinyume, ndipo uonapo mkono wa fundi. Nikalishika pindo, nikaligeuza.

Ukuta nyuma yake ulikuwa wazi. Ufa umeanza darini unashuka kama mto, na pale usawa wa kifua umetanuka mpaka nikatia mkono wangu mzima, nikautoa, nikautia tena. Ndani mlikuwa na baridi. Mwisho wa ufa palikuwa na mwanga, na mtu aliyepita uchochoroni akakohoa, nikasikia kikohozi chake kama yumo humu ndani pamoja nami. Boriti ya juu ilikuwa imetoka katika shimo lake. Imebaki kushikilia ukutani kwa ncha, kama mtu aliyekalia ukingo wa kiti akitaka kuaga.

"Umeshaona," akasema nyuma yangu. Alikuwa na sinia mkononi.

"Nshaona."

"Basi lirudishe. Mwanamume havuliwi mbele ya watu."

Nikaliachia joho likarudi mahali pake. "Mzee, nyumba hii inakwenda."

"Inakwenda wapi? Ina miguu?"

"Inaanguka."

"Mwaka juzi iliambiwa inaanguka. Mabwana harusi wangapi wameshuka tangu hapo? Yuko aliyeshuka na jiwe kichwani?" Akamimina kahawa. Hakumwaga hata tone, na hilo ndilo lililonitisha. "Nyumba kama mtu, Dalali. Ikivaa vizuri haiulizwi."

Sasa ieleweke nilichokuwa nakiogopa. Bwana harusi hapandi peke yake. Anapanda na ndugu, marafiki, wapiga dufu, na jamaa ambao hawajaalikwa ila wanapenda halua. Chumba kinajaa. Pale kilemba kinapofungwa dufu zinapigwa na watu wanakanyaga kwa miguu, wote kwa pamoja, juu ya boriti zilizokalia ncha. Na katikati yao mpwa wangu, mtoto pekee wa dada yangu.

Nikamwendea Bi Rukia. Alikuwa anachagua mchele wa pilau, hakuinua kichwa.

"Dada, Nassir asipande kule."

"Kwa nini?"

"Ukuta una ufa unaingia mkono."

"Mkono wa nani? Wako ushaingia katika mambo mengi." Akatupa jiwe la mchele. "Miaka mingapi unamwandama yule mzee ulinunue joho lake? Kakukatalia, sasa unamharibia kazi ili njaa imlazimishe auze. Nakujua. Wewe ungemnunua hata mama kama si kufa."

Hapo ndipo nilipoona faida ya maisha yangu yote. Nimekidharau kila nilichokitaka na kukitia kasoro, kikombe kizima nikakiita kibovu. Siku niliyoona kitu kibovu kweli, hapakuwa na wa kuniamini.

Nikarudi kwa Mvishaji na mpango, kama nifanyavyo siku zote: naanza mbali ili niishie karibu. Nikamtaka amvishe Nassir dukani kwangu.

"Baina ya masufuria?" akasema. "Bwana harusi hushuka, bwana. Watu wako chini wanatazama juu, mlango unafunguliwa, anashuka. Asiyeshuka hakuvishwa, kabadilisha nguo tu."

Nikajifanya kufikiri. Nikasema basi apande, lakini mimi na yeye tu. Wengine wangoje mtaani, na dufu zisilie mpaka mguu wake uguse ardhi. Nilikuwa na hoja za kutosha kufika magharibi. Nilikuwa nshaweka na kiti sawa.

"Sawa," akasema.

Nikangoja. Katika biashara nimejifunza kuliogopa neno hilo kuliko matusi. Mtu akikubali bei ya kwanza, ama kitu si chake, ama hana mpango wa kukaa nacho.

Siku ya ndoa watu walinung'unika, lakini walibaki chini. Niliwaambia Mzee ana mgonjwa wa kichwa asiyetaka kelele, na hawakuuliza mgonjwa ni nani. Tukapanda mimi na Nassir tu. Mvishaji akamsimamisha Nassir kwenye kijamvi, akampima kitambaa utosini hadi kisiginoni.

"Mbona kirefu hivi, babu?" Nassir akauliza.

"Kitakutosha. Nyamaza."

Akaanza kufunga. Mzunguko wa tatu mchanga ukaanza kushuka ndani ya ukuta. Safari hii hakupandisha sauti. Mzunguko wa tano kipande cha chokaa, ukubwa wa yai, kikatoka darini kikadondoka sakafuni nyuma ya Nassir. Kijana alitaka kugeuka. Mvishaji akamshika kidevu. "Tazama kioo," akamwambia. "Umeshakuwa mtu mwengine. Huyo wa nyuma hakuhusu." Akamaliza mikunjo yote, hakuruka hata mmoja, akampangusa mabega kwa kiganja, kushoto, kulia, kushoto tena.

Tulishuka. Dufu zikalia, vigelegele vikajaa uchochoro, Nassir akawa mzuri kweli hata miguu yake haikuonekana. Bi Rukia akanitazama kutoka dirisha la jirani. Hakusema, "Umeona?" Macho yake yalisema.

Siku ya pili nikarudisha nguo. Nilimkuta amekwisha uvua ukuta nguo zake. Majoho, vizibao, kanzu, zote zimekunjwa juu ya kasha, na ukuta uko uchi. Ufa ulikuwa mpana kuliko siku ile. Dirisha limepinda, halifungiki. Akazichukua nguo akanipakia mikononi mpaka zikafika kidevuni.

"Peleka dukani."

"Kwa bei gani?"

"Peleka."

"Mzee, taja kitu. Taja chochote nikukatae."

Akakaa kwenye kiti mbele ya kioo, hajavaa koti, hajavaa kizibao, kanzu nyeupe tu ya kulalia. Nilikuwa sijapata kumwona hivyo. Joho jeusi, lile langu, lilikuwa limebaki kwenye msumari peke yake.

Nikaziweka nguo chini. "Na wewe?"

"Mimi nnakaa."

"Shuka, Mzee. Hata leo. Chumba cha nyuma ya duka ni kitupu."

"Nishuke vipi?" Aliuliza taratibu, kama anauliza njia. "Nimebeba ndoo na mkeka, kama mpangaji aliyefukuzwa? Nilikimbia mara moja katika mji huu, na kiatu kimoja. Sikimbii mara ya pili. Hapa watu hushuka wamevishwa. Na chini wapo wanaowangoja."

Mchanga ulikuwa hausimami tena. Uliteremka mfululizo, kama mtu kafungua mfereji.

Nilishuka ngazi zile mbiombio, na mimi si mtu wa mbio. Barazani nikamkuta muuza kahawa na watu wake wa kila siku. Nikawaambia maneno machache: yule aliyekuvisheni nyote anashuka leo, na anataka watu. Hakuna aliyetania. Mmoja akaenda kuchukua dufu. Muuza kahawa akazima jiko lake, kitu ambacho hakufanya hata msikiti ulipojaa maji. Dada yangu alikuwa tena dirishani kwa jirani, kasikia. Nikamwinulia mikono miwili mitupu, nisije nikadhaniwa nimebeba joho. Akajifunga kanga ya pili na kushuka.

Kisha ilinibidi nipande tena, kwa kuwa hakuna mwengine aliyejua kazi. Nilizihesabu mara mbili sababu za kutopanda. Zilikuwa nyingi. Nikapanda.

Akasimama kwenye kijamvi, mikono kaitanua. Nikamvisha kanzu ya darizi, nikamfunga jambia. Yeye aliyewakataza wote kusema alisema mwanzo mpaka mwisho. "Kushoto. Inua. Si hivyo, unavisha kama unafunga bidhaa." Nikalitoa joho msumarini, na chokaa ikamwagika kutoka ukutani, juu yake na juu yangu. Nikamwekea mabegani. Lilikaa. Miaka yote ile nimelitazama kama kitu cha kutundikwa ukumbini, kumbe lilikuwa linangoja kipimo chake.

Nikachukua kitambaa cha kilemba. Akakitwaa mkononi mwangu, akakikunja mara nne, akakishika. Kichwani akavaa kofia yake tu.

Mabega ya joho yalikuwa meupe. Nikanyoosha mkono nimpanguse.

"Wacha," akasema. "Hiyo ndiyo nyumba."

Akatangulia, kama inavyotakiwa. Alishuka hakimbii. Mlango ulipofunguka pale chini dufu zikalia na dada yangu ndiye aliyeanza vigelegele. Watu wakampisha njia. Hakuna aliyecheka, na kwa mtaa wetu hiyo ni heshima isiyo na kifani. Alipofika kwenye kona yake akasimama, akasingizia kuvuta pumzi. Hapo ndipo kilipoanguka kitu huko juu, kizito, kikafuatwa na vioo, na vumbi likatoka dirishani kama moshi wa udi. Sote tuligeuka isipokuwa yeye.

Nyumba yenyewe bado imesimama nikiandika haya, imefungwa kamba za njano, imemeza dari zake. Mvishaji analala chumba cha nyuma ya duka langu, baina ya makasha, na analalamika kwamba saa zangu haziendi. Mabwana harusi hawaji. Kila alasiri anatoka amevaa, anakwenda mpaka kwenye kamba, anatazama juu, anarudi. Kila siku anarudi mapema kidogo kuliko jana. Joho jeusi kaniambia niliuze, na mwenye hoteli anapiga simu. Namwambia mwakani.

Ila siku ile, pale kwenye kona, vumbi likiwa bado hewani, alinigeukia mimi na kunipa kile kitambaa kilichokunjwa mara nne.

"Hiki changu," akasema. "Usikikodishe."

Nilikipokea kwa mikono miwili, sikuuliza bei. Kiko katika kabati langu, rafu ya juu. Kila asubuhi nafungua, natazama, nafunga. Halafu nafungua tena. Kikiwepo, yupo.